Chapchap, Bibi na Mvivu: Misimu Miwili ya Matango Mlimani Meru

Wadogo zangu wa kituo cha utafiti wa kilimo, wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri kama kawaida, nikavaa mabuti ya mvua, nikafika getini kwangu hapa Sombetini ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Kijana wa jirani alikuwa anafuta bodaboda yake. "Shikamoo mama, shambani tena?" Nikamwambia ndiyo. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapalilia mchicha ambao haukuwa na gugu hata moja. Jioni nikaona ni afadhali niwaandikie nyinyi kuliko kuendelea kuutesa mchicha.

Sitaeleza habari za vyeo. Havikuwa vingi, na sijawahi kuona tango lililonenepa kwa sababu aliyelipima amepandishwa daraja. Nitaeleza kazi yenyewe: kupanda aina kadhaa za mboga bega kwa bega, kuzitunza sawasawa, na kungoja zijieleze. Ukiisikia hivyo ni kazi rahisi. Sehemu ngumu ni hiyo ya kungoja.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa Mzee Nassari, fundi mkuu wa mashamba yetu ya majaribio pale Usa River. Alikuwa Mmeru wa mlimani, mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya ya Kilutheri, na sikuwahi kuona mtu akifanikiwa kumharakisha. Mimi nilikuwa mtoto wa Singida, nimetoka chuoni na viatu vya kung'aa, na Kimeru sikujua hata kusalimia.

Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekuja na kalamu?"

"Ndiyo, mzee. Ninazo mbili."

"Ziweke mfukoni. Chukua kamba."

Asubuhi nzima nilipima vipande vya kupandia kwa kamba yenye mafundo, nikachomeka vigingi, nikajiona nimemaliza. Mzee akasimama mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja. "Kona ile imelala. Ng'oa." Nikang'oa nikapima upya. Mchana akafumba jicho la pili. "Sasa imelala upande mwingine. Ng'oa." Nilipomuuliza kwa hasira kidogo hatua moja inadhuru nini, hakukasirika. Alikaa juu ya ndoo akanieleza. Kipande kikiwa kikubwa kuliko jirani yake, mimea ya pale itapata nafasi zaidi, itazaa zaidi, nami nitakwenda kuwasifia wakulima mbegu kumbe ninaisifu kamba yangu mbovu. "Na mkulima," akasema, "atakayekuamini atapanda shamba lake lote."

Baada ya hapo sikuuliza tena kuhusu kona.

Matango ndiyo yaliyonifundisha adabu ya kazi. Mahindi yanakuvumilia, kitunguu kinakuvumilia, lakini tango likishaanza kuzaa halina habari na sikukuu zako. Ukichelewa kulichuma, ukirudi unakuta limekuwa kama chupa ya chai, na mmea wenyewe unapunguza kuzaa kwa kuwa umeshapata mbegu ulizotaka. Kwa hiyo kwenye majaribio, aina zote unazichuma siku moja, kwa ukubwa mmoja, unazipima kwa mizani ile ile, na unarudi kila baada ya siku moja mpaka mimea ichoke. Nimechuma Ijumaa Kuu. Nimechuma siku ya pili ya Krismasi, wakwe wamekaa sebuleni. Mume wangu alizoea kuwaambia ndugu zake kwamba mkewe yuko kwenye matango, kwa sauti ile ile ambayo wengine husema mke yuko masomoni Ulaya.

Mzee Nassari alinisisitizia kitu kingine ambacho nawasisitizia na nyinyi. Tango linaulizwa maswali mawili, wala si moja. La kwanza: nani anaanza kuzaa mapema? La pili: nani, mpaka mwisho wa msimu, ametoa mzigo mkubwa? Watu wengi wakishasikia jibu la kwanza wanapiga makofi na kuondoka. Nilikuja kuyaona hayo vizuri miaka mingi baadaye, mzee akiwa ameshastaafu na kurudi kwenye kahawa yake, na mimi nikiwa ndiye ninayefumba jicho kuangalia kona za wengine.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama juu ya Usa River, kwenye mteremko ambako migomba inaanza kupungua na mashamba ya mboga yanashika nafasi. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Anaeli, mjane, mwembamba, mwenye kutembea haraka kuliko sisi wenye mabuti. Masika yaliyotangulia, kikundi kizima kilikuwa kimelima matango kwa ushauri wa mtaalamu mmoja aliyepita na gari, akanywa chai, asirudi. Ugonjwa wa majani uliingia na mvua, mimea ikafa, matango yaliyobaki walilisha ng'ombe. Kwa hiyo nilipopanda kule kuomba eneo la majaribio, sikupokewa kwa vigelegele.

"Shikamoo mama," nilimwambia Mama Anaeli.

"Marahaba. Wewe nawe umekuja kunywa chai?"

"Nimekuja kuomba shamba."

Akacheka, lakini si kwa furaha. Akageuka akazungumza na wenzake kwa Kimeru, wakidhani sielewi. Kwa wakati ule nilikuwa naelewa vya kutosha kujua kwamba walikuwa wanajadili kama mguu wangu utafika mara ya pili. Mwisho akanipa sehemu ya shamba lake kando ya mfereji, kwa sharti moja. "Siku ya kuchuma, uje wewe. Usinitumie mtu. Siku utakayokosa, nang'oa vigingi vyako napanda maharage."

Nikakubali.

Tulipanda aina tatu, tukiigawa ardhi katika sehemu nne, na kila aina ikapata kipande katika kila sehemu, ili ile iliyoangukia udongo mzuri upande mmoja isijigambe. Mbegu zilikuja na majina marefu ya kwenye pakiti, lakini akina mama hawakuwa na muda nayo. Ya kwanza ilitoa maua kabla nyingine hazijatambaa vizuri, wakaiita Chapchap. Ya pili ndiyo waliyoilima miaka yote, wakaiita Bibi. Ya tatu ilijaza majani tu, mapana, ya kijani iliyokolea, bila dalili ya kuzaa. Hiyo wakaiita Mvivu, na kila walipopita walikuwa wanaitukana kidogo.

Ule ulikuwa msimu wa kiangazi, maji ya mfereji kwa zamu. Chapchap ilianza kuchumwa zaidi ya wiki nzima kabla ya Bibi, na Bibi ikaitangulia Mvivu. Ilikuwa ni kama harusi pale shambani. Mama Anaeli alibeba tango la kwanza akalizungusha kwa majirani kama mtoto mchanga. Mkuu wetu wa kituo, Daktari Urio, naye akafurahi, maana maonyesho ya Nane Nane yalikuwa yamekaribia na alitaka kitu cha kutangaza.

"Dada Martha," akaniambia, "tunaandika bango: aina bora ya matango kwa Arusha. Wakulima wametungoja muda mrefu."

"Daktari, tumechuma mara mbili tu."

"Lakini umeona mwenyewe tofauti."

"Nimeona nani ameanza. Sijaona nani atamaliza."

Daktari Urio hakuwa mtu mbaya, na nisiwadanganye kwamba hakuwa na hoja. Alikuwa na mabosi wake juu, na alikuwa anawafikiria wakulima kweli. Tulibishana ofisini mpaka karani akaja kufunga mlango. Mwishowe tulikwenda Nane Nane na miche mitatu hai kwenye ndoo, kila mmoja na kibao cha jina, bila neno "bora" popote. Watu walituuliza siku nzima ipi ni bora. Nilijibu "bado" mpaka sauti ikakauka.

Msimu ulipoisha, Chapchap ilikuwa imechoka mapema kama ilivyoanza mapema. Mvivu, iliyotukanwa na kila mpita njia, iliendelea kuzaa hadi ikaikaribia, halafu ikaipita kidogo kwa uzito wote. Bibi ilibaki nyuma ya zote mbili. Nikawaambia akina mama ukweli huo: kwa kiangazi na maji ya mfereji, Chapchap inawafaa, kwa kuwa inafika sokoni kabla ya mashamba mengine na inaachia ardhi kwa zao lingine. Wakashangilia. Kisha nikasema sentensi iliyoharibu mkutano.

"Ila masika msiipande bado. Tuijaribu kwanza kwenye mvua."

Mama Anaeli akasimama. "Bibi shamba, masika ndiyo yaliyotuumiza. Masika ndiyo matango yanaadimika sokoni. Unatuambia tukae tunakuangalia wewe unapanda vipande vyako?"

"Ndiyo, mama. Msimu mmoja."

"Na ikishindikana?"

"Itashindikana kwenye vipande vyangu. Haitashindikana kwenye mashamba yenu yote."

Wengine walinyanyuka wakaondoka bila kuaga. Mama Anaeli alibaki akiuangalia mfereji, halafu akasema sharti ni lile lile: nije mwenyewe. Akaongeza lingine, ambalo kikundi kililipitisha pale pale na mimi nikalikubali. Masika yale hatutapuliza dawa ya ukungu kwenye majaribio. Masika yaliyopita walipuliza mpaka mikono ikauma na mvua ikaosha dawa kabla haijakauka. Walichotaka kujua ni ipi inayoweza kusimama yenyewe.

Masika ya mlimani mnayajua. Pikipiki ya kituo ilinifikisha nusu ya njia, iliyobaki nilipanda kwa miguu, tope likivuta buti kama linataka kunivua. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba watoto wa shule walizoea kusimama pale kwenye kona wakisubiri. Mizani niliibeba mgongoni, nimeifunga kwa kanga na nailoni. Sikukosa siku hata moja, si kwa ushujaa, ila nilijua mbegu za maharage zilikuwa tayari zimekaa jikoni kwa Mama Anaeli.

Chapchap ilianza tena mbele. Akina mama wakaniangalia kwa macho ya kusema tulikwambia. Siku moja nikafika nikakuta sehemu ya chini ya shamba imelala. Ng'ombe walikuwa wamevunja uzio mvua ikinyesha, wakala na kukanyaga robo nzima ya majaribio. Nilikaa kwenye tope nikashindwa hata kulaumu.

Mwenye ng'ombe alikuja asubuhi ile ile. Alikuwa Mzee Laizer, Mwarusha aliyehamia upande ule na mifugo yake, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuja na wanawe wawili na mzigo wa matawi ya miiba.

"Yeyo," akaniita kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama, "ng'ombe wangu wamekula kazi yako."

"Wamekula robo, mzee. Imebaki robo tatu."

Akatazama majani yaliyosambaa, akafikiri. "Na katika hizo aina tatu, wamependa ipi zaidi?"

Nilijikuta nimekwenda kuangalia. Hawakuwa na upendeleo. Wamekula zote. Tulianza kucheka, mimi na yeye, mvua ikitunyeshea, na Mama Anaeli alipofika kutugombeza akashindwa. Kabla ya saa sita Mzee Laizer na wanawe walikuwa wamezungusha uzio wa miiba ambao hata mbuzi asingethubutu kuupita.

Ofisini haikuwa rahisi hivyo. Daktari Urio alisema jaribio limeharibika, turudishe vifaa, tuanze mwaka mwingine. Nilimweleza kwamba ndiyo maana tulipanda katika sehemu nne: moja ikipotea, tatu zinaweza kuzungumza, kwa sauti ndogo zaidi lakini zinazungumza. Nikamwambia pia kwamba nikishusha vigingi vile, sitapanda tena mlima ule, na mtaalamu mwingine yeyote atakayepanda baada yangu atakuta mlango umefungwa.

Alivuta kalenda ya mezani. "Siku ya kuchuma ni lini?"

"Kesho."

"Nitakuja nione hizo sehemu tatu."

Alikuja. Alianguka pale pale kwenye kona ya watoto wa shule, wakapata walichokuwa wanakingoja. Hakurudi nyuma. Alichuma na sisi mpaka mwisho wa mistari, suruali imekuwa rangi ya udongo, na alipopima mzigo wa mwisho akasema tu, "Endelea."

Ugonjwa ulikuja wiki iliyofuata. Ulianza kama madoa ya manjano yenye kona kona juu ya jani, ukigeuza chini unaona ukungu wa kijivu. Ulianzia Chapchap. Ndani ya siku chache majani yake yalijikunja na kukauka kama yamepitiwa na moto, na matango machanga yakabaki yananing'inia kwenye kamba za kutambalia bila kivuli. Bibi ikafuata, taratibu zaidi. Mvivu nayo ilipata madoa, lakini majani yake mapana yalikaa kijani.

Nilipofika siku ya kuchuma nilimkuta Mama Anaeli mwanzoni mwa mstari wa Chapchap, bomba la kupulizia liko mgongoni, limejaa.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla sijaiona ikifa." Alikaza mkanda wa bomba begani. "Hili ni shamba langu. Nimeamka kila siku kuangalia mistari hii. Wewe unakuja, unapima, unaondoka. Mimi ndiye ninayelala nayo."

Aliyosema yalikuwa kweli. Nilisimama mbele yake katikati ya mstari, nikafungua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Na mimi pia nilikuwa nimeipenda Chapchap. Ndiyo iliyotufungulia mlango kwa wale akina mama, na moyo wangu ulitaka ipone.

"Ukiipulizia Chapchap peke yake," nikasema, "itanyanyuka, na mwakani wenzako wote wataipanda. Mvua itaosha dawa zao kama mwaka jana. Watakuja kukuuliza wewe, mwenyekiti, kwa nini kwako ilipona. Utawajibu nini?"

Maji ya dawa yalikuwa yanadondoka kwenye bomba, tone kwa tone, juu ya kanga yake. Nikamwambia, "Iache ituambie. Hata kama jibu lenyewe ni la kufa."

Mama Anaeli akavua mkanda mmoja wa bomba, kisha wa pili, akaliweka chini. Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Leta ndoo," akasema. "Tuchume yaliyopo."

Tulichuma. Kwenye Chapchap hatukujaza hata ndoo. Mvuno uliofuata hapakuwa na cha kuchuma. Bibi ilijikongoja mpaka katikati ya msimu ikaisha. Mvivu ilichelewa kuanza kama kawaida yake, lakini ilipoanza haikusimama, tukachuma na kuchuma wakati mashamba ya chini yote yalikuwa yameshageuka majani makavu. Akina mama waliokuwa wameondoka bila kuaga walianza kurudi mmoja mmoja, wakisimama kwenye uzio wa miiba wakihesabu ndoo kwa macho.

Siku ya mkutano wa mwisho nilikuwa nimeandaa maelezo yangu. Mama Anaeli akaniambia nikae. Aliwapitisha wenzake kwenye mistari yeye mwenyewe, akainua majani, akawaonyesha chini yake. "Kiangazi, Chapchap. Masika, Mvivu. Anayetaka kupanda kinyume, asije kulia kwangu." Daktari Urio alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliandika maneno yale kama yalivyo, na ndiyo yaliyotoka kwenye taarifa ya kituo, kwa lugha iliyovaa tai.

Msidhani ikaishia hapo. Mbegu ya Mvivu haikuwepo mjini. Nilizunguka maduka ya pembejeo kuanzia mjini mpaka Sakina, na kila muuzaji alinijibu kitu kimoja: "Mama, hiyo haitoki, watu wanataka inayowahi." Nilirudi kwa mmoja wao mara nyingi kiasi kwamba alianza kujificha nyuma ya magunia ya mbolea aliponiona. Mwisho nikampandisha mlimani, nikamkutanisha na Mama Anaeli na kikundi kizima, na akashuka ameshachukua oda ya kata nzima. Siku hizi ananiambia ni yeye aliyeigundua Mvivu. Namwacha.

Masika yaliyofuata nilipanda tena, si kwa kazi, kuangalia tu. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Mashamba ya kikundi yalikuwa ya kijani kuanzia mferejini mpaka chini kwenye migomba, na barabarani lilikuwa limesimama gari la mnunuzi, dereva ameweka minyororo kwenye matairi, akina mama wanapitisha matenga kwa mikono wakiimba. Mama Anaeli aliniona, hakuacha kufanya kazi.

"Martha," akasema. Kwa misimu yote ile ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Lile eneo langu la juu nimelilima. Halijapandwa kitu."

"La nini, mama?"

"La kwako. Nataka unijaribie nyanya. Zile za dukani zote zinasema ni bora, haiwezekani zote ziwe bora." Akanipa tenga nishike upande mmoja, tukalinyanyua pamoja. "Na usianze kunieleza habari za kungoja misimu miwili. Kungoja nakujua."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kule juu na kamba. Tulipopima kona ya kwanza, Mama Anaeli alisimama mwanzo wa mstari, akaitazama, akasema imelala.

Nikang'oa kigingi.